Leta Kwanza Mafigo Yangu

Radio ilisoma komunike ya kifo chake asubuhi ya siku ya soko, baada ya tangazo la mbuzi aliyepotea na kabla ya salamu za kwaya. Walisema mama mmoja muuza samaki, aliyejulikana sana hapa Butembo, amefariki Beni nyumbani kwa mdogo wake "kisha ugonjwa mufupi". Nilikuwa nimepiga magoti kando ya moto, pikipiki ya mteja, vidole ndani ya kabirata, nikacheka. Mteja akashangaa. "Papa, unachekaka batu benye kufa?" Nikamjibu, "Hapana. Ninacheka ile mufupi." Halafu bisibisi ikaniponyoka na nikashindwa kuiokota, kwa maana siku hizi miguu yangu ikivimba haikunjiki vizuri, na ni mteja aliyeinama badala yangu. Ugonjwa wa yule mama haukuwa mfupi. Ulianza kiangazi kilichopita, ukavuka mvua zote, ukafika kiangazi hiki ukiwa bado unakula. Ulikuwa na siku yake ya kuanza na mlango wake wa kuingilia, mlango wa farmasi, wenye pazia la kijani. Najua kwa sababu na mimi niliingia kwa mlango huohuo.

Ninyi mnaonisoma mnajua kwamba mimi ni fundi wa moto, kwamba shule niliiacha mapema, na kwamba makosa yangu ya kuandika yanasahihishwa na mkubwa wa gazeti kabla hayajawafikia. Juma hili ameniomba jambo moja zaidi: nisitaje jina la mtu. "Utatupeleka tribinali," aliniambia. Nikamwambia tribinali ndiyo fasi ninayotafuta kufika tangu zamani, na hakuna anayenifungulia. Haya, nimekubali. Sitataja jina, nitataja kazi. Kuna aliyepitisha mzigo mpakani bila kuufungua. Kuna mkaguzi aliyetia muhuri juu ya makartoni kama mtu anayefukuza inzi. Kuna mwenye depo, ghala la dawa, aliyeambiwa bei ni ndogo na hakuuliza kwa nini ni ndogo. Kuna mwenye farmasi aliyetumiminia. Wanajijua, na mji huu si mkubwa kiasi cha ninyi kutowajua. Marehemu naye nitamwita kama soko zima lilivyomwita, Mama wa Kyavinyonge, kwa sababu samaki wake walitoka kule ziwani na hakukubali mtu aseme wametoka pengine.

Meza yake ilitazamana na karakana yangu. Kwa miaka mingi nilitengeneza moto za watu nikisikia harufu ya tilapia wa chumvi upande mmoja na petroli upande mwingine, na jioni mke wangu alijua nimetoka kazini kabla sijafika mlangoni. Mama huyo alikuwa na mdomo. Mteja mmoja, bwana wa heshima mwenye koti, aligeuza samaki mara nyingi akilalamika kwamba ni mdogo, ni mwembamba, hana macho mazuri. Mama akamtazama tu. "Papa, huyu hakukuya hapa kukuoa. Alikuya tu kuliwa." Bwana alinunua, na kisha akawa mteja wake wa kudumu. Mimi pia hakuniacha. Siku gazeti lilipotoka alilisoma mezani, akiwa amevaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akapiga kelele watu wote wasikie: "Fundi, unaandika muzuri, mais moto yenye inaniletea samaki ingali inakohoa! Andika kidogo, tengeneza mingi!" Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja: hakununua samaki kwa wavuvi bila kuinua shavu lake kwa kidole na kuangalia ndani kama kungali kwekundu. Alifanya hivyo hata kwa samaki wa ndugu zake wa tumbo moja. Hakuona haya, na wao hawakukasirika.

Sasa nieleze namna tunavyonunua dawa, kwa ajili ya wale mnaosoma mkiwa mbali. Kiangazi, vumbi la barabara zetu linainuka asubuhi pamoja na moto za kwanza na linakaa hewani mpaka jioni, na mji mzima unakohoa. Hakuna anayeenda kwa daktari juu ya kikohozi. Unatafuta sirop. Na sirop kwetu inauzwa kama mafuta ya kupikia: mwenye farmasi anapata bidoni kubwa, dumu la plastiki, kutoka depo, anaiweka juu ya meza na kifaneli, na wewe unakuja na chupa yako mwenyewe, umeiosha nyumbani. Hakuna nyumba isiyo na vichupa vile, vimepangwa dirishani vikauke. Unaonyesha kwa kidole, "jaza mpaka hapa", analipwa, unaenda. Karatasi ya chupa hakuna, namba hakuna, ya kiwanda wala ya nchi. Tulifanya hivyo tangu wazazi wetu na hatukuona kosa. Siku ile nilikuwa kwenye mstari na kichupa changu mkononi, na mbele yangu alisimama Mama wa Kyavinyonge akikohoa mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Zamu yake ikafika.

"Mama, leta chupa," mwenye farmasi akamwambia.

"Sikuleta chupa. Unipe yenye kufungwa."

"Ile yenye kufungwa ni ileile ya mu bidoni. Utapoteza franga bure."

"Kama ni ileile, basi unipe yenye kufungwa. Isikuume tumbo."

Mstari wote ukacheka. Mwenye farmasi akapanda kistuli, akatoa juu kabisa chupa ya plastiki ya rangi ya kahawa, kizibo hakijaguswa, karatasi yake imebandikwa sawasawa na namba zimepigwa chini. Mama akaishika, akaigeuza, akaitazama shingoni kama anavyotazama shavu la samaki, kisha akatuambia sisi wenye vichupa: "Huyu iko mubichi." Tulicheka sana. Ninaandika haya ili mjue kwamba hakuwa mzembe. Katika mstari wote ule, yeye peke yake aliangalia. Lakini shavu la samaki linasema kweli na kizibo cha plastiki hakisemi, na ndani ya chupa yake mlikuwa na kitu kilekile kilichokuwa ndani ya vichupa vyetu.

Ilikuwa tamu. Hilo ninalikumbuka, utamu wa kubaki kooni. Mimi nilikunywa kidogo kwa sababu bidoni ilikuwa imefika mwisho na zamu yangu ilipata masalio, basi. Sikuwa na akili kuliko wengine, wala sala zangu hazikuwa ndefu kuliko zao. Kwanza tumbo likageuka. Kisha kutapika. Kisha mkojo ukapungua, ukawa matone, ukakauka, na uso ukajaa kama wa mtu aliyepigwa na nyuki. Tulisema ni malaria. Wengine walisema ni tifoidi, wengine wakasema ni mtu wa mtaani ametuloga, na tulimeza vidonge vya yote hayo. Daktari kijana wa hospitali aliuliza kila mmoja wetu, "Ulikunywa dawa gani mbele ya kugonjwa?" na kila mmoja alitaja kila kitu isipokuwa sirop, kwa sababu vichwani mwetu sirop ya kikohozi si dawa, ni kitu cha vumbi tu. Ni yeye aliyevumilia kuuliza mpaka tukaitaja. Akatueleza: katika sirop hutiwa kitu kizuri cha kuifanya iwe nzito na tamu, na kuna kingine, ndugu yake mbaya, kinachotumika viwandani na ndani ya mashine, kinafanana nacho kwa macho na kwa ulimi ila ni rahisi kwa bei. Mtu fulani, huko ilikotengenezwa, alitia kile cha rahisi. Kinaua figo. Mimi ninajua filtre ya moto: ikiziba unaifungua, unaipuliza, unairudisha. Nilimuuliza kama hii nayo inafunguliwa. Akanijibu kwamba wengine figo zao hurudi nusu, wengine hazirudi, na kwamba mashine ya kusafisha damu iko, mais si hapa.

Zangu zilirudi nusu. Za Mama hazikurudi vile. Tulikuwa tunakutana kwenye benchi la nje, upande wa jua, wagonjwa wa bidoni moja. Alipokatazwa chumvi, alimwangalia daktari kwa huruma, kama yeye ndiye mgonjwa. "Docteur, miye muuza samaki ya chumvi, unanikataza chumvi? Useme tu nikufe, nisikie." Alirudi mezani kwake baada ya majuma, amekonda mikono na kuvimba miguu, akauza kile ambacho hakuruhusiwa kuonja. Kulikuwa na watoto pia. Juu ya watoto sitaandika, kwa sababu mama zao wanasoma gazeti hili.

Kisha ikaja ile komunike nyingine. Ilisomwa kwa Kifaransa, haraka, na ndani yake namba ndefu ya herufi na tarakimu: dawa yenye namba hiyo irudishwe isitumike. Namba! Sisi wa vichupa tungeitazama wapi hiyo namba? Baadaye ikapita gari ya depo yenye kipaza sauti, ikasema kwa Kiswahili na kwa Kinande kwamba kila mwenye sirop ailete farmasini, na atapewa ingine ya bure. Na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Sisi watu wa huku tumezoea kuambiwa na kufanya. Tumeambiwa tunawe mikono, tukanawa. Tumeambiwa tupitie barriere, vizuizi vya barabarani, tukiwa tumeshuka kwenye moto, tunashuka. Tukaambiwa turudishe sirop, tukarudisha. Tulipanga mstari uleule, mbele ya pazia lilelile, na vichupa vyetu vyenye masalio, na mwenye farmasi akavimimina vyote ndani ya bidoni moja, akatupa chupa mpya, nasi tukamwambia "Wasingya", ndiyo asante yetu, na wengine waliinamisha kichwa. Bidoni ikapakiwa kwenye gari ya depo. Ile ndiyo ilikuwa ushahidi wetu wote, na tuliusindikiza kwa asante.

Mama wa Kyavinyonge hakuenda. Basi wakamfuata mezani. Alikuja kijana wa depo, shati jeupe, adabu nyingi, na niliacha kazi nisikilize.

"Mama, tuko tunapita kukusanya ile sirop. Ni juu ya afya yenu."

"Afya yangu njo muko munabeba ku gari?"

"Hapana, Mama. Banasema uko na moya yenye kufungwa. Utupatie, tutakupa ingine ya bure."

Mama akapangusa mikono kwenye kitenge, polepole, kidole kwa kidole. "Leta kwanza mafigo yangu, njo nitakupa chupa yako."

"Mama, mafigo hatuna mu depo."

"Basi na miye chupa sina ku soko."

Wanawake wa samaki walipiga makofi. Kijana mwenyewe alicheka, masikini, hakuwa na ubaya, alitumwa. Lakini gari ya depo ilipita tena kesho yake na keshokutwa, ikienda polepole mbele ya meza ile, na tangu hapo Mama akaacha kuacha chupa nyumbani. Alitembea nayo ndani ya saketi nyeusi, mfuko wa plastiki, chini ya samaki.

Avoka, wakili wetu, tulimpata kwa njia ya kanisa. Ni dada mmoja asiyedai chochote kwa wasio na kitu, na alikuja kukaa nasi katika salle, ukumbi wa parokia, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, bidoni haikututenganisha. Alitueleza kwa maneno ya kawaida. Tunaweza kupeleka mashtaka kwa mwendesha mashtaka, juu ya wale walioingiza na kuuza, na ndani ya kesi ileile tukaomba fidia. Tunaweza pia kudai fidia peke yake kwa tribinali, bila kumtafutia mtu gereza. Tunaweza kupatana nje, lakini atakayetia sahihi ajue kwamba sahihi inafunga mlango. Tuchukue kwa daktari karatasi inayosema figo zetu ziliharibiwa na nini, si kwamba tulikuwa wagonjwa tu. "Mais mlango wowote mutapita," alisema, "watauliza kitu kimoja. Ile dawa iko wapi? Mwenye depo atasema mulikunywa kitu ingine, mulinunua pengine. Bila dawa yenye karatasi yake na namba yake, ni maneno yenu na maneno yake." Tukatazama mikono yetu. Halafu kutoka benchi la nyuma ikasikika sauti ya soko: "Iko kwangu." Akaja mbele na saketi yake nyeusi, akaiweka chupa juu ya meza. Sirop ilibaki chini ya nusu. Namba ilisomeka. Avoka aliigusa kwa ncha ya kalamu tu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, akasema hii chupa ni ya wote mlio humu.

Mtauliza kwa nini haikubaki mikononi mwa sheria. Tuliipeleka, ndugu zangu. Tulikwenda bureau ya mashtaka ya wavaa nguo za kiraia, wakasema tangu hali hii ya vita mambo kama haya ni ya wanajeshi, wavaa magwanda. Tukaenda kwa wavaa magwanda, wakasema dawa si bunduki, rudini kule. Kila mahali Mama alitoa chupa ile, na kila mahali aliambiwa hawawezi kuipokea mpaka dosye, faili la kesi, ifunguliwe, hawana fasi ya kuhifadhi dawa, asije akaimwaga juu ya karatasi zao. Avoka aliipiga picha kwa simu, lakini akatuambia ukweli: picha haina kitu ndani, maabara haipimi picha. Kwa hiyo jioni Mama alirudi nayo chini ya samaki. Basi ongezeni katika orodha yangu ya wenye hatia yule aliyesukuma chupa ile kwa mgongo wa mkono akisema, "Mama, ondoa hii kitu yako ku meza yangu." Sijui jina lake, hata ningeruhusiwa kulitaja.

Katikati ya safari hizo mwenye depo alituma gari tena, safari hii na mifuko ya sukari na mchele, na karatasi ya kutia sahihi: nimepokea msaada, sina cha kudai. Wengi walitia sahihi. Wale wenye kilio nyumbani walitia sahihi, na mimi siwezi kunyoosha kidole kwa mtu aliyepika mchele ule siku watoto wake walipokuwa na njaa. Nilimuuliza Mama kama hafikirii. Akasema, "Miye nilitoroka Eringeti na batoto mugongoni, bale batu ba panga bakiwa nyuma, na sikutia saini kwa mutu. Nitatia saini juu ya sukari?" Ndiyo, kwao hasa ni Eringeti, Kyavinyonge alifika kwa kuolewa. Nimefikiri sana juu ya neno lake. Mtu wa kwetu akifa kwa panga, mji unafunga maduka, viongozi wanakuja na maua, radio za mbali zinasema. Akifa kwa kijiko hakuna anayefunga duka. Tumejifunza kuhesabu kifo chenye kelele peke yake, na wafanyabiashara wa vifo vya kimya wamelijua hilo mapema kuliko sisi. Wanajua kwamba jirani atasema malaria na radio itasema ugonjwa mfupi.

Mama aliposhindwa kusimama, mdogo wake alimwita Beni amuuguze. Nilimsindikiza mpaka gari. Alikuwa amefungwa blanketi jua likiwa kali, na saketi nyeusi iko magotini. Aliniambia, "Fundi, weye uchunge dosye. Miye nachunga chupa. Mutu asishike kazi ya mwenzake." Nikamwambia sawa, ila asiniharibie kazi kwa kufa kabla ya tribinali. "Na weye usiniharibie kwa kuandika makosa," akajibu, na gari ikaondoka. Nilichunga dosye. Nilikwenda, nikarudi, nikakaa kwenye mabenchi, nikavimba miguu, nikatengeneza bure moto ya karani mmoja ili akumbuke uso wangu. Na kisha, juma lile alilokufa, avoka alinipigia simu kwa sauti ya mtu anayekimbia: dosye imefunguliwa. Kuna mtu atakayepokea chupa, ataifunga kwa lakiri mbele yetu, itatumwa kupimwa. Tulikuwa tunapanga nani aende Beni kuileta. Asubuhi iliyofuata nikasikia radio.

Nilikwenda Beni na moto ya kijana wa karakana jirani, nikishuka kwenye kila barriere kama inavyotakiwa. Sitaki kujifanya: nililia njiani, lakini kati ya kulia nilikuwa ninafikiri juu ya chupa. Kilio kilikuwa kimejaa. Wanawake walikaa chini, wanaume kwenye mabenchi ya kanisa, sufuria za maharagi nje. Mdogo wa marehemu ni mama wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini, hafanani na dada yake hata kidogo. Alinishika mikono yote miwili, akaniambia dada yake alikuwa anasoma habari zangu kitandani mpaka macho yakakataa, halafu akataka asomewe. Nilingoja wengine wasogee. Nikamuuliza polepole kama dada yake aliacha saketi moja nyeusi.

"Ile ya dawa? Ilikuwaka inaning'inia ku kichwa ya kitanda, Papa. Hakutaka tuitoe, ata wakati ya kufagia."

"Iko wapi sasa?"

"Tulichoma."

Nafikiri alidhani sikusikia, kwa sababu alisogea karibu na kunieleza vizuri, kwa majivuno madogo ya mtu aliyefanya kazi yake katikati ya machozi. "Tulichoma byote, Papa Fundi. Matela yenye alikuwa analalia, mablangeti, sahani yenye alikuwa anakulia, ile saketi na dawa zake zote. Siku ileile, mbele ya batu kukuya ku kilio. Tangu Ebola shiye hatuachake kitu ya mugonjwa mu nyumba. Balitufundisha, na tulishika. Hatutaki kilio ilete kilio ingine."

Akanipeleka nyuma ya nyumba anionyeshe. Walikuwa wamechimba shimo safi, wamechoma, wamefunika nusu kwa udongo. Hapa Beni na Butembo kila nyumba inajua kuchimba shimo lile. Tulilijua kwa kulipia, na limeokoa watu, sitasema vinginevyo. Niligeuza jivu kwa kijiti. Nikapata springi za matela na kipande cha plastiki ya rangi ya kahawa, kimeyeyuka na kukunjamana kama ngozi ya maziwa. Karatasi hakuna, namba hakuna, sirop hakuna. Nilibaki nimechuchumaa, kwa sababu ya miguu na kwa sababu ya mengine. Mama yule akaona uso wangu. Macho yake yakaanza kutafuta.

"Papa? Tulifanya mubaya?"

Ningeweza kumwambia. Ningeweza kumwambia kwamba dada yake alikataa sukari, alikataa mchele, alikataa gari ya depo, alizunguka bureau zote za mji akivimba, kwa ajili ya kile kilichokuwa ndani ya saketi ile, na kwamba ndani yake mlikuwa na mafigo yangu pia na watoto ambao sitaandika juu yao. Nilisema, "Hapana, Mama. Mulifanya muzuri." Akapumua. Akarudi kwa wageni akawagawia maharagi.

Avoka hajafunga dosye. Anasema tutajaribu na karatasi za daktari, na picha, na vinywa vyetu. Anasema hivyo akitazama pembeni. Mwenye depo yuko, nimemwona Jumapili, amenisalimu. Vumbi limeanza tena na juu ya meza ya mwenye farmasi kuna bidoni mpya. Kwa hiyo nawaambia ninyi kile ambacho sikumwambia yule mama. Mkikohoa, nunueni yenye kufungwa, haitawalinda, lakini itakuwa na namba. Mkiona mkojo unakauka baada ya dawa yoyote, kimbieni hospitali na mtaje kila mlichokunywa, hata kile mnachoona si dawa. Wakija kuchukua masalio, msiyatoe yote kwa asante. Itisheni mtu wa sheria ayapokee mbele ya macho yenu. Na mtu wenu akifa, kabla ya kuwasha moto mfungue saketi yake, mtazame ndani, kama Mama wa Kyavinyonge alivyoinua shavu la kila samaki, hata wa ndugu zake. Chomeni matela. Chupa itoeni kwanza.

Ombi langu la mwisho ni kwa wale wanaobeba gazeti hili mpaka Beni. Pale kwenye kilio, kwenye nyumba yenye shimo jipya nyuma, msilifikishe juma hili. Na yule mama akiwauliza Fundi ameandika nini juu ya dada yake, mwambieni ameandika juu ya samaki.